Kocha wa Jimu Akikosea: Useme au Unyamaze, na Ukisema Useme Vipi

Kuna mama mmoja wa makamo alikuwa akija kwenye jimu niliyokuwa nikifanyia mazoezi, Dar es Salaam, kila Jumanne na Alhamisi jioni. Tulizoeana kwa salamu, na siku moja tukiwa tunabadilisha nguo akaniambia daktari ndiye aliyemtuma. Presha ilikuwa imempanda, anameza dawa, ameambiwa aushughulishe mwili. Nikampongeza. Dakika kumi baadaye nikamwona amelala kwenye mashine ya kusukuma vyuma kwa miguu, kocha amesimama pembeni anampigia makofi: "Bana pumzi mama! Bana, usiachie! Sukuma!"

Nilijua si sawa, nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza tena. Jumanne iliyofuata mama aliinuka kwenye mashine, akashika ukuta, akakaa chini ghafla huku uso umempauka. Hapo ndipo nikafungua mdomo, tena kwa kelele, mbele ya watu wote: "We kocha, unataka kumuua mama wa watu?" Kocha akanijibu kwa hasira. Mama mwenyewe akamtetea kocha wake. Mimi nikaonekana mgomvi, na kipindi kikaendelea kama kilivyokuwa.

Nilikosea mara mbili: kwanza kwa kukaa kimya siku mbili, kisha kwa namna nilivyosema. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi Jumanne ile ya kwanza, anayeona kitu kisicho sawa na hajui kama kinamhusu.

Wengi hunyamaza kwa sababu tumelelewa kumheshimu mwalimu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ndani ya jimu kocha ndiye mkuu. Lakini guu laweza kuvunjika kwa kumsikia pia, ikiwa mkuu mwenyewe hakufundishwa. Makocha wengi wa mitaani kwetu walianza kama wanyanyua vyuma wazuri. Miili yao ikapendeza, watu wakaanza kuwauliza, na mwili ukawa ndio cheti. Hawana nia mbaya hata kidogo. Wanatoa walichonacho, na kile kilichomjenga kijana wa miaka 24 asiye na ugonjwa wowote ndicho anachopewa mama wa miaka 56 mwenye presha.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni kosa

Kabla ya kumwendea mtu kwenye kazi yake, jikague wewe. Mengi tunayoyaita makosa ni tofauti ya mafunzo tu, na mengine ni sisi tuliofundishwa vibaya.

Chukua suala la magoti kwenye skwati. Wengi tumeambiwa kwamba ukichuchumaa na chuma mabegani, goti likipita vidole vya mguu umeshaliharibu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili. Wanaume waliozoea vyuma walichuchumaa kwa uhuru, kisha wakachuchumaa wakiwa wamewekewa ubao mbele ili magoti yasipite vidole. Ubao ulipowekwa, mzigo kwenye goti ulipungua kidogo, lakini mwili ulilazimika kuinama mbele na mzigo kwenye nyonga ukapanda zaidi ya mara 10. Kwa hiyo kocha anayemwachia mteja mwenye miguu mirefu goti lake lipite vidole hajakosea. Ukimwendea kumsahihisha, wewe ndiye utakayekuwa unatoa ushauri mbaya.

Kuna pia usiyoyaona. Yule anayechuchumaa nusu tu huenda alifanyiwa upasuaji wa goti, na kocha anafuata maelekezo ya hospitali. Yule anayepindisha mgongo kidogo juu ya benchi anafanya hivyo kwa makusudi, ndivyo wazoefu wanavyojipanga ili mabega yakae vizuri.

Kipimo changu ni hiki: naweza kueleza kwa sentensi moja ni kitu gani mwilini kitaumia, na kwa njia gani? "Mama ana presha na amebana pumzi akisukuma mzigo mzito, shinikizo litapanda ghafla" ni sentensi kamili. "Mimi sikufundishwa hivyo" haitoshi. Nikibaki na hiyo ya pili, narudi kwenye tizi langu.

Hatua ya pili: pima ukubwa wa hatari na muda uliopo

Ukishajiridhisha kwamba ni kosa, jiulize madhara yanaweza kutokea lini. Je, ni sasa hivi, ndani ya seti hii? Ni baada ya wiki kadhaa za kurudia? Au hakuna madhara, ni muda tu unaopotea? Jibu ndilo litakaloamua kama unasema papo hapo, unasubiri kipindi kiishe, au unaachana nalo.

Hayo ya papo hapo ndiyo ninayotaka uyajue vizuri, kwa sababu hayakupi nafasi ya kwenda kutafuta jibu kwenye simu.

La kwanza ni pumzi na presha. Mtu akibana pumzi huku anasukuma mzigo mzito, shinikizo la kifua hupanda na presha hupanda nalo. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wajenga misuli 5 kwa mrija ulioingizwa ndani ya mshipa wa mkono, wakiwa kwenye mashine kama ile ya yule mama. Wastani wa presha yao wakati wa kusukuma kwa miguu yote miwili ulifika 320/250, na mmoja wao alipita 480/350. Hushuka mara tu seti inapoisha, na kwa kijana mwenye mishipa imara hupita salama, ndiyo maana wanyanyuaji wazoefu hubana pumzi kwa makusudi ili kiuno kiwe kigumu. Aliyefika jimu akiwa tayari na 170/100 hana nafasi ya kuchezea namna hiyo. Mwenye presha anapaswa kutoa pumzi anaposukuma na kuivuta anaposhusha, na atumie uzito anaoweza kuurudia mara 10 hadi 15 bila kukakamaa. Na ambaye presha yake imefika 180/110 akiwa amekaa tu amepumzika, asiguse vyuma mpaka daktari aishushe.

Kuna jambo dogo hapa ambalo makocha wengi hawalijui. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi na propranololi, huzuia moyo usiende mbio. Mteja anayezimeza hatafikisha yale mapigo yanayoonyeshwa na saa ya mkononi au kwenye chati ya ukutani, hata ajitahidi vipi. Ukisikia kocha anamwambia "moyo wako bado haujafika 150, ongeza mwendo", jua anamkimbiza mtu kuelekea namba ambayo dawa imeshaifunga.

La pili ni chuma juu ya shingo. Kocha anampakia mteja uzito mkubwa kwenye benchi, halafu anageukia simu. Hapa huna haja ya kumwita wala kumsema. Nenda ukasimame kichwani kwa aliyelala, weka mikono karibu na chuma bila kukigusa, mwambie, "Nipo hapa, maliza." Angalia pia kidole gumba: kikiwa upande mmoja na vingine, chuma kinaweza kuteleza kiganjani na kumwangukia kifuani. Kwa anayepiga benchi peke yake bila mtu wa kumsapoti, vile vibanio vya mwisho wa chuma visifungwe, ili akishindwa akiinamishe upande mmoja na uzito umwagike.

La tatu ni kichura. Kuruka kichura mara 200, pushapu mpaka mikono inatetemeka, skwati 300 za kumkaribisha mgeni: makocha wengine huona fahari mteja mpya akishindwa kushuka ngazi kesho yake. Lakini msuli usiozoea ukisukumwa kupita kiasi unaweza kuvunjikavunjika na kumwaga uchafu wake kwenye damu, na uchafu huo huziba na kuumiza figo. Hospitali huita rabdomayolisisi. Dalili huja ndani ya siku 1 hadi 3: maumivu makali kuliko uchovu wa kawaida, misuli kuvimba na kuwa migumu, nguvu kuisha, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kokakola. Wenye vinasaba vya selimundu, hata wasioumwa, wanahitaji tahadhari zaidi. Utafiti wa wanajeshi weusi wa Marekani uliotoka mwaka 2016 uliwakuta na hatari kubwa zaidi ya tatizo hili. Kwa eneo letu, ambako selimundu imejaa kwenye koo nyingi, kila kocha angepaswa kulijua hilo kabla ya kumwagiza mtu mpya achuchumae mara 300.

La nne ni nailoni. Mtu anafungwa nailoni tumboni, anavalishwa sweta juu yake, anapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia mchana wa Februari "ili mafuta yayeyuke". Mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Ndani ya nailoni jasho halikauki, na Dar hewa yenyewe imeshashiba unyevu. Kilo moja inayopungua kwenye mizani ni lita moja ya maji tu, itarudi ukinywa. Mwishoni mwa mwaka 1997, huko Marekani, wanamieleka 3 wa vyuo walikufa ndani ya siku 33 wakipunguza uzito kwa njia hiyo, wakifanya mazoezi kwenye joto huku wamevaa mavazi yasiyopitisha hewa na wamejinyima maji. Walikuwa vijana wenye afya. Ukiona aliyefungwa nailoni anaanza kuyumba, kuongea ovyo au kutapika, huo si wakati wa heshima: mfungue, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na tafuteni usafiri wa hospitali.

Mengine ya papo hapo nayataja kwa kifupi. Mwenye sukari anayetumia insulini au glibenklamaidi akiambiwa afanye mazoezi makali bila kula anaweza kushuka sukari: atatetemeka, atatoka jasho baridi, atachanganyikiwa. Mpe nusu glasi ya soda yenye sukari, si ile isiyo na sukari. Maumivu ya kifua yanayobana au kupanda kwenye taya na mkono wa kushoto, zoezi linasimama hapo hapo hata kocha aseme ni gesi. Na kocha anayegawa vidonge vya kukojoza maji ili mtu "akauke", au anayedunga sindano za homoni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameshatoka kwenye ualimu.

Fungu la pili, yale ya kusubiri kipindi kiishe, ni pana zaidi na ndilo utakalokutana nalo mara nyingi. Mtu ananyanyua chuma kizito kutoka sakafuni huku kiuno kimejikunja kama upinde. Uzito unaongezwa kila siku bila mwili kupewa nafasi. Goti linachoma na jibu ni "vumilia, maumivu ndiyo dalili ya mazoezi." Kocha anamkalia mteja mgongoni wakati wa kunyoosha viungo. Mjamzito aliyepita nusu ya safari analazwa chali kwa muda mrefu, ilhali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Haya huumiza kwa kurudiwa, kwa hiyo una dakika 20 za kutafakari na kuchagua maneno. Lakini ukiona anayenyanyua amekunja uso na kushika kiuno, usingoje tena.

Fungu la tatu liache lipite. Sitapu 500 za kuondoa kitambi hazitaondoa kitambi, kwa sababu mwili hauchomi mafuta ya mahali unapopafanyia kazi, lakini hazitamuua mtu. Vivyo hivyo anayeambiwa vyuma vitamfanya mwanamke awe dume, au kwamba bila kutoka jasho hujafanya kitu. Nasikitika ninapoyasikia, na nikiulizwa nitajibu. Bila kuulizwa sisemi. Ukisahihisha kila kitu, siku utakayosema la hatari hakuna atakayekusikiliza.

Hatua ya tatu: nani wa kuambiwa kwanza

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jioni ile baada ya fujo nilimfuata mama nje, akiwa anasubiri bajaji. Nikamwomba radhi kwa kumtia aibu. Kisha nikamuuliza, "Mama, kocha anajua kwamba unatumia dawa za presha?"

"Hajui, mwanangu. Sikumwambia. Nikisema mimi mgonjwa si watanikatalia?"

Nilikaa na jibu hilo usiku kucha. Kocha niliyemwita muuaji hakuwa amepewa habari. Alipaswa kuuliza, hakuuliza. Mama alipaswa kusema, aliogopa. Mimi niliyekuwa na habari hiyo tangu Jumanne ya kwanza nilikuwa nimekaa nayo.

Hivyo basi, kama unajua jambo la afya la mtu kwa sababu alikuamini, anza na yeye. Ugonjwa wake ni siri yake. Ukiupeleka kwa kocha bila ruhusa umemvunjia heshima hata kama umemwokoa goti. Mwambie faragha, umpe mbinu ya kusema mwenyewe: "Mwambie tu, kocha, mimi nina presha na daktari amesema nisibane pumzi." Akikuomba umsemee, umsemee.

Kama kosa halihusiani na siri ya mtu, mathalani mgongo uliokunjika au uzito uliozidi, anza na kocha, na umwone akiwa peke yake. Mteja anamlipa kwa sababu anamwamini. Ukimnong'oneza mteja kwamba kocha wake hajui kazi, unamwacha njia panda: ama akudharau wewe, ama apoteze imani na mazoezi yenyewe akae nyumbani. Hilo la pili ni hasara kubwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli, na wapo wengi wasiozifikia. Hatutaki kumfukuza mtu aliyeshaanza.

Kwa hatari ya papo hapo mpangilio huu haupo. Unamwambia aliye hatarini, kwa sauti ya kawaida, kitu kimoja cha kufanya: "Mama, toa pumzi." "Kaka, shusha chini kwanza." Usieleze sababu. Maelezo baadaye.

Hatua ya nne: maneno yenyewe

Kesho yake niliwahi jimu kabla wateja hawajajaa. Kocha alikuwa anapanga dambeli. Nikamwambia: "Kocha, jana nilikukosea. Nilikupigia kelele mbele ya wateja wako, naomba unisamehe kwa hilo." Hakujibu, akaendelea kupanga. Nikaongeza: "Yule mama ameniruhusu nikwambie, anatumia dawa za presha." Akasimama. "Hakuniambia," akasema. Kisha, baada ya kimya kirefu: "Na mimi sikumuuliza."

Kuanzia hapo tukaongea kama watu wawili wanaomtakia mama mema. Aliniuliza mimi nafahamu nini kuhusu pumzi, nikamweleza, akaniambia yeye alifundishwa kubana alipokuwa akijiandaa na mashindano ya kunyanyua vyuma. Kwa mashindano alifundishwa sawasawa.

Nimejifunza kutanguliza swali. Swali humwachia kocha njia ya kujirekebisha bila kushindwa. "Kocha, hapa pumzi aitoe wakati gani?" "Kocha, yule dada kiuno chake kikae vipi akinyanyua kutoka chini, maana nimeona kinajikunja, nikahofia." "Hivi mgeni wa siku ya kwanza huwa mnampa kichura ngapi?" Mara nyingi atasikia mwenyewe kilichomo ndani ya swali. Kama amekuzidi umri, anza na shikamoo, hata kama umeshamwamkia asubuhi. Kama ni kijana kuliko wewe, usimwite "mwanangu" mbele ya mteja wake, mwite kocha. Cheo hicho ndicho mkate wake.

Maneno haya yaepuke: "Mimi nimefanya mazoezi miaka kumi." "Nimeona kwenye YouTube." "Unajua kweli unachofanya?" Yote matatu yanahamisha mazungumzo kutoka kwenye mgongo wa mteja kwenda kwenye ukubwa wenu ninyi wawili.

Na usirekodi video ya mteja wa mtu akiwa anakosea ukaisambaza kwenye magrupu. Anayeaibika pale ni yule aliye chini ya chuma.

Hatua ya tano: akikataa

Atakayekujibu "fanya yako" wapo. Kama ni fungu la pili, subiri siku chache, jaribu tena mara moja, kisha nenda kwa mmiliki au msimamizi wa jimu. Mwendee na mambo uliyoyaona, si tabia za mtu: siku gani, zoezi gani, nini kilitokea. "Jumatatu na Jumatano wageni wawili walipewa kichura zaidi ya 200 siku yao ya kwanza, mmoja alitapika" inatosha. Mmiliki anajua kwamba mteja akianguka ukumbini kwake, jina litakaloharibika ni lake.

Mwombe pia kitu kimoja kinachozuia mengi: fomu ya maswali ya afya kwa kila anayejiunga. Fomu maarufu ya namna hiyo ilianzia British Columbia, Kanada, miaka ya 1970, ikiwa na maswali 7 tu. Iandikeni kwa Kiswahili chepesi: daktari amewahi kukwambia una tatizo la moyo? Kifua hukuuma ukifanya kazi nzito? Na ukiwa umepumzika? Huwa unapata kizunguzungu au kuzimia? Una tatizo la mifupa au viungo? Unatumia dawa za presha au za moyo? Kuna sababu nyingine yoyote ya kutofanya mazoezi? Mimi ningeongeza sukari, ujauzito na selimundu. Anayejibu ndiyo popote, aende kwanza kwa daktari. Jimu ile ilianza kutumia karatasi ya namna hiyo, na yule kocha ndiye anayeigawa.

Vidonge na sindano ni suala jingine. Tanzania, dawa zinazouzwa kiholela zinaripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na hapo huhitaji kumwomba kocha ruhusa wala kumpa nafasi ya pili.

Ukiwa wewe ndiye mteja

Kwa upande mmoja ni rahisi zaidi, mwili ni wako. Kwa upande mwingine ni vigumu, kwa sababu umelipa mwezi mzima na kocha amekuwa kama ndugu.

Jifunze kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli huja kesho yake au keshokutwa, huwa pande zote mbili, hupungua ukijinyoosha, na huisha ndani ya siku 3 au 4. Maumivu mabaya huchoma ghafla, hukaa kwenye kiungo, upande mmoja, au hushuka kwenye mguu kama shoti ya umeme, au huleta ganzi. Haya ya pili hayavumiliwi. Sema, "Kocha, hili linanichoma gotini. Nipe jingine la misuli hiyo hiyo." Kocha mzuri ana mengine matatu ya kukupa. Asiye na jingine, au anayekucheka, amekuonyesha mwisho wa ujuzi wake, na unaweza kuhama bila ugomvi: mwambie unabadilisha ratiba, mshukuru, lipa unachodaiwa.

Kabla ya kumlipa mwingine, muulize alisomea wapi na kama amefundishwa kumhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama. Vyeti vya ACE na NASM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti vya ukocha, huwa na namba inayoweza kuhakikiwa mtandaoni, na vyote viwili vinadai mafunzo hayo ya huduma ya kwanza. Wapo makocha hodari wasio na karatasi yoyote, nimewaona. Hao utawatambua kwa jambo moja: siku ya kwanza watakuuliza maswali mengi kuliko mazoezi watakayokupa.

Kama madhara yameshatokea

Kwa msuli uliovutika, pumzisha, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na usiruhusu mtu akukande kwa nguvu siku za mwanzo. Ganzi kati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo baada ya kuumia mgongo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chai baada ya mazoezi, usiende duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzidi kuielemea figo iliyokwisha kuelemewa. Nenda hospitali yenye maabara, mweleze daktari waziwazi: "Nilifanya zoezi hili, mara ngapi, siku fulani, na mkojo umebadilika rangi." Taja idadi, taja siku, taja dawa zote unazotumia na poda zozote ulizouziwa jimu. Muulize kama anaweza kupima figo na CK, kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu msuli ukivunjika. Usimfiche kwa sababu ya kumlinda kocha. Daktari anayedhani ni homa tu atapoteza saa ambazo dripu ya maji ingekuwa tayari inasafisha damu yako.